Upondo Hauazimwi

Kinoo, Jumamosi jioni

Nafula mwanangu,

Mama yako amekwisha kukueleza habari za sweta, neti ya mbu na kutokunywa maji yasiyochemshwa. Nimemsikia akirudia na kurudia mpaka ukamjibu, "Mathe, nimeskia, mimi si mtoto wa nasari." Sasa mko naye jikoni mnacheka, na mimi nimekaa kitandani na karatasi juu ya kipande cha mbao, maana meza imejaa mizigo yenu. Hayo ya sweta namwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na tangu siku mlipoanza kuipanga safari hii ya mtoni nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Naogopa.

Sidhani umewahi kunisikia nikilitamka neno hilo. Umeniona nikirudi kutoka kazi ya ujenzi Mountain View na vumbi la simiti hadi kwenye kope. Umenisikia nikisimulia jinsi tunavyopanda mpaka orofa ya juu kwa ngazi ya miti iliyofungwa kwa kamba, karai la zege begani, na nilikuwa nikisimulia kwa majivuno. Pale juu siogopi. Nikianguka, nitaanguka nikiona ninapoangukia. Lakini nikitazama hizo fimbo zenu za kuvulia zilizoegemea ukuta, nakuwa kama mtu anayengoja habari nje ya wodi. Juzi nilichanganya mchanga bila kuweka simiti, fundi akanifokea mbele ya vijana, "Mzee, leo unajenga na maji matupu?" Nilikuwa natazama mchanga wenyewe. Ulikuwa mchanga wa mto, na ndani yake mlikuwa na vigamba vidogo vya konokono wa maji.

Jumapili ile ulipokuja na wenzako wawili nilikuwa nimekaa mlangoni nikikata kucha. Shiro ndiye aliyeshika simu yenye ramani.

"Hii mto inapinda hapa, inapinda tena, halafu inajirudia," akasema. "Ni kama imelewa."

"Hiyo ndiyo poa," Imran akasema. "Penye maji inapinda ndiyo samaki hukaa."

"Nani amekuambia? Wewe samaki unajua ni ile imelala kwa sahani."

Kisha Shiro akanigeukia. "Baba Nafula, si hii ndiyo mto ya kwenu? Hebu tuambie. Iko aje?"

"Ina tope," nikasema.

"Tope tu?"

"Tope."

"Mzee amefunga jografia," Imran akasema, mkacheka, na mimi nikacheka pamoja nanyi. Halafu nikatoka kama mtu anayekwenda chooni, nikasimama nyuma ya tangi la maji la ploti hadi pumzi yangu iliporudi.

Nilipaswa kuwajibu. Mliniuliza kwa heshima, na katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyewahi kuukanyaga mto huo. Mlipanga vizuri, siwezi kusema uongo. Mlijua mtaanzia wapi, mtalala juu ya tuta gani, nani atapika na nani atavua, na kwamba mkifika ziwani wenzako watarudi Nairobi na wewe utabaki kwa baba yako mkubwa Wandera, uanze hiyo kazi yako ya kuwatembeza wageni kwa mtumbwi. Imran akaleta majaketi ya kuelea, ukalivaa moja ukatoka nalo nje, watoto wa ploti wakakuita askari wa trafiki. Kila kitu mlikiwaza. Kilichokosekana ni kile nilichokuwa nacho mimi, na mimi nilikuwa nyuma ya tangi.

Basi nijibu sasa. Mimi niliacha shule darasa la sita, utanivumilia nikienda mbele na kurudi nyuma.

Mto wa kwetu Bunyala si ule wa kupita kwenye mawe ukipiga kelele. Kwetu ardhi imelala kama mkeka, na mto unajiburuta juu yake ukibeba udongo wa watu wa milimani. Ukitia mkono mpaka kwenye kiwiko huoni vidole vyako. Pande zote mbili kumejengwa matuta ya kuuzuia, na kuna siku maji yanakuwa juu kuliko nyumba zilizo nyuma ya tuta, ukiwa mtoto unaona mtumbwi ukipita juu ya paa lenu. Mimi niliona hivyo, nikadhani ndivyo dunia nzima ilivyo. Na kitu kinachonitisha hata leo ni kwamba mto ule hufurika jua likiwaka. Mvua imenyesha huko mbali milimani. Kwetu mbingu ni nyeupe, kuku wanajisugua kwenye vumbi, nguo zimekauka kwenye kamba. Halafu unasikia harufu ya udongo mbichi, na maji yanakuja yakiwa yamebeba migomba ya watu usiowajua.

Ndiyo maana mvua ikipiga mabati hapa Kinoo mimi huamka nikakaa. Wewe ulidhani ni mgongo.

Sasa, kwa kuwa macho hayasaidii katika maji yale, wazee wetu walikuwa na namna yao. Mtumbwi husukumwa kwa upondo, ule mti mrefu unaouchomeka mpaka chini kisha unausukuma. Kila mtu mtoni alikuwa na upondo wake, na upondo huo uliwekewa alama kwa panga kulingana na mwili wake. Mtoto alisimama wima karibu na mti, baba yake akakata alama kwenye mti usawa wa goti lake, kiuno, kwapa na kidevu. Ukiuchomeka mtoni ukautoa, unatazama maji yamelowesha mpaka wapi. Goti, unaweza kushuka ukavuta mtumbwi. Kiuno, unaweza kushuka ukishikwa mkono. Kwapa, asisimame mtu. Kidevu, shika kafi utafute ukingo. Alama hizo ndizo zilizokuwa macho yetu. Na mtoto alipokuwa anakua, kila baada ya mavuno alikatiwa mti mpya, maana ule wa zamani ulikuwa wa mtu mwingine, yule mdogo aliyekuwa yeye.

Kwa hiyo upondo haukuazimwa. Jembe utaazima, wavu utaazima, hata mtumbwi wenyewe. Upondo, hapana. Ulikuwa ukisema kweli kwa mtu mmoja tu.

Umewahi kuniuliza kuhusu Makokha, kaka yangu. Uliona jina lake nyuma ya ile picha ya babu yako ukaniuliza ni nani, nikakuambia alikufa akiwa kijana. Ukaniuliza alikufa na nini. Nikasema, "Maji." Nadhani ulielewa kwamba mlango umefungwa, hukuuliza tena. Nitaufungua leo, kwa sababu kesho hutakuwa hapa, na utalala nyumbani kwa Wandera ambaye alikuwepo.

Makokha alikuwa mfupi. Mimi mdogo wake nilikuwa nimekaribia kumpita, na jambo hilo lilimuuma. Baba yetu, babu yako, alikuwa mrefu kama mlingoti. Ukimwona amesimama kwenye mtumbwi ungedhani mtumbwi umeota mti. Upondo wake ulikaa nyuma ya nyumba, na hata mama hakuugusa alipofagia, alifagia kuuzunguka. Siku hiyo baba alikuwa na homa. Nyavu zilikuwa mtoni tangu usiku, na lazima zitolewe. Makokha akasema yeye ataenda, twende naye mimi na Wandera, binamu yetu wa rika lake. Akachukua upondo wake, akaubeba mpaka ukingoni, na pale Wandera akamtania.

"We Makokha, unakwenda kutoa nyavu za wanaume na mwiko wa kukorogea uji?"

Tulicheka. Ulikuwa mzaha wa kawaida, sisi tulitaniana hivyo mchana kutwa, hata yeye mwenyewe alicheka. Lakini akarudi nyumbani, na aliposhuka tena kutoka kwenye tuta alikuwa amebeba upondo wa baba.

"Leo baba ni mimi," akasema. "Okumu, nisalimie."

Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia kwa sauti nzito. Ndivyo tulivyoingia majini, tukicheka.

Wavu ulikuwa umenasa kwenye kisiki, katikati. Makokha akachomeka upondo, akautoa, akatazama. Maji yalikuwa hayajafika kwenye alama ya tatu. "Hayajafika hata kwapani!" akatuambia. "Nashuka niuondoe." Wandera akasema ngoja tuvute kwanza, yeye akasema mnaogopa nini, hayajafika hata kwapani. Akashuka.

Kwapa la babu yako lilikuwa sawa na utosi wa Makokha.

Alijua kuogelea, Nafula. Sote tulijua. Lakini aliyekanyaga wavu chini ya maji hafaidiki na kuogelea. Tulichoona ni mkono, halafu wavu ukavutika, halafu maji yakawa kama maji ya kila siku. Hayakupiga kelele yoyote. Wandera alijitupa mara mbili. Mimi nilishika ule upondo, kwa sababu sikujua nishike nini.

Alipopatikana, fundi wa jeneza alikuja akauliza urefu. Baba hakumruhusu amguse mtoto kumpima. Akatoka, homa bado inamtetemesha, akaenda ukingoni ulikobaki upondo wa Makokha, akaurudisha na kumwonyesha fundi alama ya kidevu.

"Pima mpaka hapa," akasema. "Halafu ongeza kichwa."

Baada ya mazishi alikaa na panga akazichonga alama zote za upondo wake mpaka mti ukawa laini. Hakumsema Wandera, hakunisema mimi, na mtoni hakurudi.

Sikuandikii haya ili usiende. Niliwahi kutaka hivyo, nitakuambia pia. Nakuandikia kwa sababu mimi nilichofanya na kifo kile kilikuwa kibaya, na wewe ndiye umebeba gharama yake bila kujua.

Nilipokuja Nairobi nilijiambia nimeuacha mto. Mama yako akikuogesha kwenye beseni, mimi nilitoka nje. Hiyo ilikuwa hofu ya mzazi kijana, mtu angeisamehe. Lakini nilianza kuijengea nyumba. Darasa lenu lilipokwenda kuogelea, nilikuambia una homa, na ukakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni siku nzima ukijigusa paji la uso kutafuta homa ambayo hukuwa nayo. Wenzako walikwenda kwao sikukuu, sisi tulibaki. Nilisema nyumba ya kwetu ilibebwa na mafuriko, na ni kweli ilibebwa, lakini ndugu walijenga nyingine, nami sikukuambia. Ulikanyaga Bunyala mara moja tu, ukiwa mgongoni mwa mama yako, tulipomzika babu. Nilidhani nikikuficha mto, mto nao hautakujua.

Halafu ulipokuwa na miaka kama kumi na saba tulikuwa tukila, nikasema maneno fulani kuhusu watoto wa Nairobi na maji, ukaweka kijiko chini. "Baba, mimi najua kuogelea." Nikauliza tangu lini. "Tangu darasa la nane. Dadake Imran alinifunza. Mathe anajua." Mama yako akaangalia ukuta. Nilikasirika, nikatoka, nikatembea mpaka barabarani na kurudi. Kumbe nilichokuwa nacho si hasira. Nilikuwa nimegundua kwamba mtu mwenye hofu kubwa hudanganywa na watu wanaompenda. Wanamdanganya kwa huruma. Wanapita pembeni yake kama mama alivyofagia kuuzunguka ule upondo. Na huku wao wanaendelea kuishi, yeye amebaki na nyumba yenye watu wema wasiomwambia kitu.

Ukipata watu wako, usiwe hivyo. Kama unaogopa, waambie mapema, neno likiwa bado dogo.

Lakini ona, hata baada ya siku hiyo sikujifunza. Wenzako walipoondoka Jumapili ile, nilimpigia Wandera. Nilitoka mpaka kwenye ukuta wa nyuma ili usinisikie.

"Kaka," nikamwambia, "huyu mtoto akikupigia kuhusu mtumbwi, mwambie umepasuka."

"Umepasuka wapi?" akauliza.

"Popote. Sema umepasuka."

"Okumu, wewe umekaa Nairobi mpaka umesahau? Mtumbwi mzima hausemwi umepasuka. Ukisema hivyo, umeuita ufa."

"Basi sema lolote."

"Mtoto wa nyumbani anakuja nyumbani, nimfungie mlango?"

"Kaka, tafadhali."

Nadhani hajawahi kunisikia nikimsihi. Akakubali. Akakupigia akakuambia mtumbwi hauko tayari, nawe ukatuambia mezani, na mimi nikatia tonge mdomoni nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika. Nikawaza, imekwisha, atabaki, tutanunua nyama Jumapili tufurahi.

Kumbe sikujui. Ulifuta mchuzi kwenye kidole, ukasema, "Hakuna shida. Nishapata mwingine. Kuna jamaa wa hapo darajani anakodisha, anatupatia mtumbwi, makafi, upondo, kila kitu."

Upondo, ukasema. Hukujua ulichosema.

Nilisukuma sahani. Akilini nilikuona wewe na watoto wa watu mmesimama kwenye mtumbwi wa mtu asiyewajua, Shiro akichomeka mti wa mwanaume fulani mrefu, akiutoa, akicheka, "Si hata maji si mingi." Na aliyewapeleka huko ni mimi. Kwa kukukinga na mto nilikuwa nimekuondoa kwenye mkono wa mtu mmoja anayejua, nikakutia kwenye mkono wa asiyejua. Sikulala, na mama yako akaniuliza kama ni mgongo, nikasema ndiyo. Hata hapo nikasema ndiyo!

Kesho yake wakati wa chai ya saa nne, wenzangu wamekaa juu ya matofali, nilijitenga nikapiga.

"Nilijua utapiga," Wandera akasema.

"Umejuaje?"

"Ile siku ulikuwa unanong'ona. Wewe kwa simu huongea kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo. Nikasema, huyu hana amani."

"Mpe mtumbwi."

"Nitampa. Nitakwenda nao mwenyewe siku ya kwanza na ya pili."

Nikamuuliza kama bado watu wanakata alama. Akasema siku hizi kuna injini, wengine makafi tu, na upondo ni mti, anayeukuta anaushika. Alama zilikwisha na baba zetu. Na wachimba mchanga wameufanya mto mgeni hata kwake. Palipokuwa na goti mwezi jana leo pana shimo, kwa maana watu wamechimba hapo wakapakia malori. Nikatazama lile rundo la mchanga mbele yangu.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe unatumia upi?"

"Mimi ninao wangu," akasema. "Una alama zote. Tangu Makokha, hakuna mtu mwingine amewahi kuushika."

Hatujawahi kulitaja jina hilo, mimi na yeye, tangu tukiwa wavulana. Nyuma yangu fundi alikuwa akiita zege.

"Nitamkatia mtoto upondo wake," Wandera akasema. "Mti ninao, mwepesi, umekauka vizuri. Lakini simjui kimo. Nilimwona akiwa mgongoni."

"Nitakutumia kimo," nikasema.

Usimuulize kuhusu mzaha ule. Akitaka kukusimulia atakusimulia mwenyewe, na akianza, usimkatize.

Basi sasa unajua kwa nini leo asubuhi nilikusimamisha kwenye fremu ya mlango. Nilikuja na uzi wa kujengea, ule wa kunyooshea matofali, nikakuambia nataka kupima mahali pa kutundika rafu. "Simama hapo, kanyaga ncha." Ulikuwa na mswaki mdomoni. Nilipiga fundo kwenye goti, nikapiga fundo kiunoni. Nikiwa kwapani ukaanza kucheka kwa kutekenywa, ukatoa mswaki ukasema:

"Baba, ni rafu ama unanipimia jeneza?"

Mama yako akacheka kule ndani. Mimi pia nikacheka, na unaweza kumuuliza kama nilicheka vizuri, maana nilicheka sana. Mikono yangu ilitetemeka hata nikalifungua fundo la kwapa nikalipiga upya. Ukaniambia, "Mzee, umezeeka, hata uzi inakushinda." Nikasema, "Simama wima, wacha maneno." Ukasimama. Ulisimama kama siku ile ulipovaa sare mara ya kwanza, mabega nyuma, macho mbele. Wewe ni mfupi, lakini kidevu chako kilikuwa juu kuliko nilivyodhani. Sikuwa nimekutazama kwa miaka mingi, Nafula. Nilikuwa nikilitazama jambo ninaloogopa, nawe ukawa unakua pembeni yake.

Nimewaza sana tangu asubuhi. Ile hofu niliyokuwa nikikupimia nayo maisha yako yote, alama zake zilikatwa kwenye mwili wangu, ukingoni, nikiwa mvulana. Kwangu inasema kweli. Mimi nikiingia mto ule nitakufa, naamini hivyo. Lakini wewe ni mtu mwingine, una kimo chako. Nilipokuambia maji ni kwapa, huenda kwako yalikuwa goti. Na kuna mahali nilipokuambia ni salama, kwenye kazi, kwenye watu, kwenye mambo ya mji huu, na pengine pale ndipo penye shimo lako. Sijui. Ningekuwa najua ningekuambia.

Na usinielewe vibaya. Hofu yangu haijapungua kwa kuandika. Nilidhani itapungua. Mkono bado ni mzito, na nikisikia maji ya bomba yakianguka kwenye sufuria huko jikoni nageuka. Jumatatu nitapanda ngazi na simu kwenye mfuko wa shati, ingawa fundi hapendi, na ikilia na jina likawa la Wandera sijui nitaishika vipi. Itabidi unipigie wewe mwenyewe. Usinipigie kila saa kama mama yako anavyotaka, hiyo itakuchosha, na siku utakayosahau ndiyo utakayoniua. Nipigie mkishafika ziwani. Mpaka hapo nitakuwa naogopa, na ni kazi yangu, nitaifanya. Wewe fanya yako.

Nafahamu kwamba huendi kutembea tu. Unakwenda kuishi kule nilikokimbia. Wenzako watarudi na picha, wewe utabaki na kamongo na mumi, samaki wa kule, na watu wanaoongea kwa sauti kubwa, na watakuita kwa jina la bibi yako kabla hujajitambulisha, kwa sababu una uso wake. Wengine watakuambia habari zangu ambazo mimi sikukuambia. Waamini. Na siku moja, ukipata nafasi, nenda mahali mto unapopindia chini ya tuta letu, Wandera atakuonyesha. Usifanye chochote hapo. Simama tu kidogo, Makokha akuone. Hajawahi kuona mtu wetu mwingine mfupi.

Ndani ya bahasha hii kuna ule uzi. Umpe Wandera mkononi, mbele yako aukate upondo na kuweka alama, halafu ujipime tena ukisimama kando ya mti, usimwamini hata yeye, usiniamini hata mimi niliyepima mikono ikitetemeka. Ukishakuwa wako, asiushike Shiro, asiushike Imran. Wao wakatiwe miti yao. Watacheka. Waache wacheke, wakatiwe.

Fundo la kwanza ni goti lako. La pili ni kiuno. La tatu, lile lililochakaa kwa sababu nilipiga mara mbili, ni kwapa. La nne ni kidevu.

Juu ya kidevu nimeukata uzi, nikaichoma ncha kwa kiberiti isije ikafumuka. Hapo juu hakuna mtu atakayepima.

Mimi baba yako,
Okumu